Ruhusa ya Kumtuma Baba

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Apewe sifa hapa Nyeri, apewe sifa Kianyaga, na kule Njombe, Tanzania, ambako watu wetu wawili pia wako ibadani saa hii, apewe sifa huko huko waliko.

Kwa wale wasionijua, naitwa Rhoda, Mama Naliaka. Mimi ni mzaliwa wa Bungoma. Nililetwa huku na mume wangu, aliyekuwa polisi, alipopata uhamisho, na tukajua tutakaa kidogo halafu tuhamishwe tena. Hatukuhamishwa. Bwana alipomwita tulimpeleka nyumbani tukampumzisha, na baada ya maombolezo mimi nikarudi Nyeri, kwa sababu kazi yangu ilikuwa hapa na mtu hula anapofanya kazi. Marehemu alizoea kunitania kwamba mimi hata nikiwa macho niko usingizini. Ni kweli, ndugu zangu. Nimezaliwa hivyo. Nikitazama ukungu ukishuka kutoka mlimani asubuhi, naweza kusahau chai ikachemka mpaka sufuria ikaungua. Basi mkisikia ushuhuda wangu unaelea elea, mnivumilie. Nitafika.

Tuna kiwanda kidogo cha kufuma masweta ya shule, pale Majengo. Ni banda la mabati tu, lakini ndani kuna mashine, na mashine zikienda zote pamoja zina mlio wa kubembeleza, na nje kukiwa na manyunyu juu ya mabati unaweza kudhani uko tumboni mwa mama yako. Kina mama wengi wamelea watoto wao kutokana na banda lile. Wengine wako hapa leo, naona mmekaa pamoja.

Sasa tazama maisha yalivyokuwa. Shule zilianza kuacha kutuagiza. Masweta yalikuwa yanaletwa yakiwa tayari kutoka mbali, mepesi, rangi inatoka ukifua, lakini watu waliyapenda. Mashine moja ikanyamaza, halafu nyingine. Kina mama wakawa wanakuja asubuhi wanakaa, wanafagia pale palipofagiwa, wananiangalia. Nilikuwa naogopa kuingia kiwandani kwangu mwenyewe! Nilikuwa nasimama nje ya mlango naomba kabla sijasukuma.

Mungu akanikutanisha na Mama Tumaini. Tulikaa kiti kimoja kwenye kongamano la akina mama, Arusha. Yeye ni wa Njombe, na ndiye anayetafutia sare shule nyingi za kule. Akashika sweta niliyovaa, akaivuta, akaigeuza ndani nje, akaniuliza nani amefuma. Akaniambia kwao kuna baridi ya kutoa machozi, na watoto wanaenda shule wakitetemeka. Tukaongea mpaka chakula kikapoa. Tulivyokubaliana ni kwamba nifungue tawi Njombe. Vipande vifumwe hapa Nyeri, viunganishwe na kumaliziwa kule, na shule zake zote zivae masweta yetu. Ila alikuwa na sharti. Hakutaka nimtumie wanafunzi wa kazi. Alitaka watu wangu wakuu, na alitaka wawe wamefika kabla shule hazijafunguliwa Januari. Wasipofika, angempa mtu mwingine kazi hiyo.

Watu wangu wakuu ni wawili. Kuna Dada Purity, ambaye anasimamia ukataji na hesabu, na kuna Muriithi, ambaye ni fundi wa mashine na msaidizi wangu tangu siku ya kwanza. Muriithi ni mtu mzima, ana mvi, ana watoto wa sekondari. Ni mnene wa kifua, mpole, haongei sana. Mashine ikikataa, yeye huiwekea mkono tu kwanza, anasikiliza, halafu ndio anachukua spana. Bila yeye hakuna tawi. Tulijua hivyo sisi sote.

Tukaanza kutafuta ruhusa ya watu hao kufanya kazi Tanzania. Ndugu zangu, mliomba na mimi! Mnakumbuka tulivyofunga. Niliambiwa nitasumbuka, nitazungushwa kutoka ofisi hii mpaka ile, na kibali kinaweza kuchelewa hata mwaka uishe. Hakikuchelewa. Kilitoka kwa majina ya watu wale wawili, Muriithi na Purity, na nikaambiwa wazi kwamba majina hayabadilishwi, na ukitaka mwingine unaanza upya. Nikaona hilo si neno. Nikarudi kiwandani nikicheza, nikawasha mashine zote hata ambazo hazikuwa na kazi, ili tusikie sauti.

Muriithi hakucheza. Alisimama karibu na dirisha akipangusa mikono kwa kitambaa. Akaniambia kwa upole kwamba yeye yuko tayari, lakini mama yake amekataa, na yeye si mtu wa kuondoka mama akilia. Mzee wake alishaitwa na Bwana zamani, na mama ndiye aliyebaki.

Hebu fikiria! Serikali mbili zimekubali, mama mmoja amekataa. Nilitaka kucheka, halafu nikaangalia kina mama wamekaa kwenye benchi na mikono mapajani, kicheko kikaisha. Kama Muriithi haendi, kibali hakina kazi. Kibali kisipokuwa na kazi, Mama Tumaini anachukua watu wengine. Na sisi tungefunga lile banda, na kila mtu aende zake.

Nikasema nitaenda mwenyewe Kianyaga kumwona huyu mama. Mimi pia ni mama, tutaelewana.

Nilienda peke yangu. Siku hiyo ukungu ulikuwa umelala juu ya majani chai, na barabara ilikuwa inatokea kidogo kidogo mbele yangu. Nilihisi siendi mahali, nilihisi mahali ndipo panakuja. Mama yake Muriithi, ambaye wote humwita Shosho Wangechi, yaani bibi, alinipokea vizuri sana. Ni mzee, mdogo wa mwili, kitambaa kichwani, macho makali. Aliniwekea kiti karibu na moto, akanipa uji, na uji ukiisha anaongeza bila kuuliza. Kiswahili chake ni cha huku, na Kikuyu changu ni cha sokoni, basi tukawa tunakutana katikati.

Nikamweleza yote. Nikamwambia kuhusu Njombe, na baridi ya watoto, na kina mama wa Majengo. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema:

"Baba yangu haendi huko. Ati Tanganyika? Baba alienda mara moja. Hiyo inatosha."

Naona kina mama wa Nyeri mmeanza kutabasamu pale nyuma. Ninyi mshajua! Lakini mimi sikujua. Mimi nilisikia nilichoambiwa. Nikajua kwamba Shosho bado ana baba hai. Nikajisemea moyoni, kweli watu wa mlima huu wanaishi sana. Yeye mwenyewe ni mzee namna hii, basi baba yake ni mzee wa namna gani? Nikaelewa kwamba huyo mzee alikwenda Tanganyika ujanani, akateseka, akarudi, na sasa hataki mtu wa nyumba yake avuke mpaka. Kwa hivyo tatizo langu si Shosho. Ni baba yake. Neno lake ndilo linashikilia kiwanda changu.

Na kama ninyi mna shaka, mimi nilikuwa na uhakika, kwa sababu palikuwa na chumba kidogo cha ndani, mlangoni pamening'inizwa shuka, na ndani mtu alikuwa anakohoa. Kikohozi kizito cha mtu mzima. Nilitaka kuomba nimsalimie, lakini kwetu mgeni haingii kwa mzee bila kuitwa, na tena mikono mitupu. Nikanyanyuka kwa heshima, nikaaga kwa sauti kubwa ili asikie na yeye, nikaondoka kinyumenyume. Shosho alinishangaa kidogo.

Niliporudi Nyeri nilimwambia Muriithi kwamba mama yake anasema baba haendi. Akainamisha kichwa. Akasema ndivyo anavyosema siku zote, na akishasema hivyo yeye hana la kuongeza. Mnaona? Hata yeye alinithibitishia!

Ndugu zangu, hapo ndipo nililia mbele za Bwana. Kwa sababu mama unaweza kumbembeleza, lakini mzee ambaye hata humwoni utambembelezaje? Mama Tumaini alikuwa anapiga simu anauliza watu wanafika lini. Mimi nilikuwa namjibu kwa neema tu. Siku zilikuwa zinaenda. Usingizi ulinihama kabisa, ukawa unanijia mchana, pale nilipo, hata nikiwa nimeshika uzi.

Basi mchana mmoja nimekaa kiwandani, mashine moja tu inaenda, nikasinzia. Nikaona njia ya udongo mwekundu iliyolowa. Nikaona mwanamume mwembamba akienda, amenipa mgongo. Ana kofia, na begani ameweka blanketi iliyokunjwa. Anaenda taratibu, haharakishi, na ukungu unamla miguu, halafu kiuno. Na kando ya njia kuna mtoto wa kike amesimama na mbuzi. Mtoto ameweka mkono mdomoni. Nilitaka kumwuliza kwa nini amejiziba mdomo, lakini mashine ikakata uzi, nikaamka. Moyo ulikuwa mzito, kama niliyetoka mazishini. Sikujua ni kwa nini.

Nilichojua ni kwamba nimeonyeshwa yule mzee. Nikamshukuru Mungu, nikachukua uzi mzuri kuliko wote tuliokuwa nao, wa rangi ya kahawia, nikamfumia sweta kwa mikono yangu. Nilikuwa nimemwona kwa nyuma, mabega membamba, kwa hivyo nilijua kipimo. Nikaomba katika kila mstari. Nilisema, Bwana, huyu mzee akivaa joto hili, ulainishe moyo wake.

Siku ya kwenda Kianyaga mara ya pili, Muriithi ndiye aliyeendesha pikapu. Tulipofika senta yeye akashuka kumnunulia mama mkate na sukari, akaniambia nitangulie, atakuja kwa miguu. Nikaingia kwa Shosho na mfuko wangu. Ukungu ulikuwa ule ule. Uji ulikuwa ule ule. Na ndani ya kile chumba kikohozi kilikuwa kile kile.

Nikapiga magoti, nikatoa sweta nikaishika kwa mikono miwili. Nikasema nimeleta zawadi, na ni ya baba.

Shosho akaipokea. Akaipapasa, akaifurahia, macho yake yakawa laini. Halafu akainyoosha mbele ya mwangaza wa mlango, akatingisha kichwa.

"Hii ni kidogo," akasema. "Baba ako na kifua."

Hapo hapo Muriithi akainama mlangoni akiingia na mkate. Na Shosho, bila kuondoa macho kwenye sweta, akamwambia:

"Baba, kuja ujaribu hii."

Na Muriithi, mtu wa mvi, fundi wangu, msaidizi wangu wa miaka yote hiyo, akaweka mkate mezani akaja. Akaingiza mikono, akaingiza kichwa, kichwa kikakwama shingoni mwa sweta. Akawa amesimama katikati ya nyumba mikono juu, haoni mtu. Shosho alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti na mdomo wazi.

Ndugu zangu mliotoka kwingine kama mimi, ngoja niwaeleze, maana wenyeji hawataeleza, wao wanadhani kila mtu anajua. Huku mtoto wa kiume wa pili anapewa jina la baba ya mama yake. Muriithi ni wa pili. Muriithi ni jina la baba yake Shosho. Kwa hivyo tangu alipokuwa mtoto wa kubebwa mgongoni, mama yake humwita baba. Si mzaha, na si kumdekeza. Ni baba. Nimeishi hapa tangu nikiwa msichana wa juzi juzi, nimekula mazishi na harusi za watu, na hilo halikuwahi kunigonga kichwani.

Nikauliza kwa sauti ndogo, na yule anayekohoa ndani ni nani? Muriithi akatoka ndani ya sweta, akainua shuka. Kulikuwa na kondoo dume, mnene hajiwezi, amefungwa ndani anenepe kwa ajili ya Krismasi. Akanitazama, akakohoa. Na mimi nilikuwa nimemuaga yule kwa heshima zote, kinyumenyume!

Tulicheka sana. Na katika kucheka, nikasema bila kufikiri kwamba hata nilikuwa nimemwota huyo mzee, amevaa kofia, na blanketi begani. Kicheko cha Shosho kikakatika.

Akakaa chini polepole. Akauliza, blanketi ilikuwa bega gani? Nikamwonyesha, la kushoto. Akauliza kama yule mtu aligeuka.

"Hakugeuka, Shosho," nikasema.

"Hapana. Hakugeuka."

Halafu akatueleza, na Muriithi alikuwa anasikia mambo mengine kwa mara ya kwanza, kwa sababu nilimwona akisahau kufumba mdomo. Shosho alikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi, kabla ya uhuru. Siku moja, karibu na mto, aliona baba yake akipita njia ya chini, kofia kichwani na blanketi begani. Hakuwa ameambiwa chochote. Baadaye ndipo alijua kwamba alikuwa anakwenda Tanganyika kutafuta kazi ya mashamba. Alitaka kumwita. Lakini nyanya yake alikuwa amemfundisha kwamba msafiri haitwi kutoka nyuma, ukimwita umemharibia safari. Na yeye alikuwa mtoto mtiifu. Akaweka mkono mdomoni. Baba yake akaenda, akapotelea kwenye ukungu, na tangu siku ile hapakuja salamu, hapakuja mtu aliyemwona, hapakuja hata habari ya kifo. Mama yake alingoja mpaka akazeeka. Yeye akaolewa, akazaa, na alipozaa mtoto wa pili akasema, baba amerudi. Amerudi, na haendi tena mahali.

"Ningemwita angegeuka," akasema. "Mimi najua angegeuka."

Ndugu zangu, nilikuwa nimeenda kuomba ruhusa, na ruhusa ikanitoka mikononi. Niliona kina mama wangu wa Majengo, wote, mmoja mmoja. Niliona mlango wa banda umefungwa. Na bado sikuweza. Nilimshika Shosho magoti, nikamwambia basi. Nikamwambia sitamtuma Muriithi. Abaki na mama yake, na Bwana atatafuta njia nyingine, na kama hakuna, basi hakuna. Nililia, nawaambia ukweli. Nililia kwa huruma ya yule mtoto na mbuzi wake, nikalia pia kwa kiwanda changu.

Nje ukungu ulikuwa umeingia mpaka uani, kuku hawaonekani, unasikia tu wakiparura. Mahali pote palikuwa kimya namna ambayo hata kondoo aliacha kukohoa. Mimi nasema Bwana alikuwa mle ndani. Mwingine aseme anavyotaka.

Kisha Shosho akaniambia:

"Wewe huwezi kumtuma baba yangu hata ukitaka. Wewe ni mkubwa wa kazi. Mtu wa kumtuma ni mimi. Na hakuna mtu ameniomba."

Nikashangaa, nikamwambia tumekuwa tukimwomba wakati huu wote. Akasema hapana, tumekuwa tukimwomba mama ya Muriithi. Mama ya Muriithi hana shida, mtoto wake ni mtu mzima, aende. Lakini yule msichana wa mbuzi, yeye hajaombwa na mtu.

Mimi sikuelewa. Muriithi alielewa. Akaja mbele, akapiga magoti mle kwenye majivu na suruali yake nzuri, akashika mikono ya mama yake. Na mtu huyu asiyeongea sana akasema:

"Binti yangu, nimepata kazi Tanganyika. Naomba niende. Nitarudi."

Sitasahau uso wa Shosho. Sijui nilikuwa naona mzee au mtoto. Machozi yalikuwa yanapita kwenye mikunjo bila haraka, na yeye hayapangusi. Alikaa hivyo kwa muda mrefu akimwangalia. Alikuwa anaagwa, ndugu zangu. Baada ya maisha yote yale, kwa mara ya kwanza alikuwa anaagwa.

Akasema baba ataenda, lakini yeye mwenyewe atamsindikiza mpaka mwisho wa nchi. Na akaongeza neno moja:

"Na nikikuita, geuka."

Haleluya! Tulienda Namanga, mpakani na Tanzania, mimi na Shosho na Muriithi na Dada Purity, katika gari la kukodi, na mizigo ya uzi nyuma. Shosho alikaa dirishani. Hakulala hata kidogo. Tulipotoka kwenye vilima na nchi ikafunguka tambarare, kavu, mbuga mpaka macho yanachoka, akauliza kama baba yake alipita hapa kwa miguu. Akawa anaangalia kando ya barabara, kila mti, kila mtu aliyekuwa anachunga ng'ombe, na midomo yake ilikuwa inatembea. Nadhani alikuwa anamsalimia.

Mpakani Purity alipita kwanza na mizigo. Muriithi akainama, na mama yake akamtemea mate kidogo kifuani na kwenye viganja, akambariki kwa njia ya wazee wa huku. Mchungaji, usinikunjie uso. Nilimwombea na mimi kwa jina la Yesu, kwa hivyo alibarikiwa pande zote mbili. Halafu Muriithi akachukua mfuko wake akaanza kwenda. Kulikuwa na malori, wauza shanga, vumbi, watu wengi wanapita. Mgongo wake ulikuwa unaonekana, unafichwa na watu, unaonekana tena mdogo.

Nilimsikia Shosho akivuta pumzi. Nikamtazama, na mkono wake ulikuwa mdomoni. Ulikuwa umeenda hapo wenyewe, kwa mazoea ya maisha yote. Nikataka kuushusha, lakini nikaogopa kuugusa. Akaushusha mwenyewe.

Akaita. Mama mdogo namna ile, sauti ilitoka mpaka wenye malori wakageuza vichwa.

"Baba!"

Na mle katikati ya watu, ndugu zangu, akageuka. Muriithi aligeuka mwili mzima, akaweka mfuko chini, akatutazama. Akainua mkono juu akauacha hapo. Nusu ya watu waliokuwa wanapita walisimama kuangalia kuna nini, na hakukuwa na kitu, mama alikuwa amemwita mtu tu.

Shosho akamwangalia mpaka akatosheka. Halafu akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwambia mwingine afunge mlango, "Basi. Enda."

Akalala njia nzima ya kurudi, kichwa begani kwangu. Mwepesi kama mtoto wa shule ya chekechea. Sikuthubutu kusogea mpaka Kianyaga.

Tawi lilifunguliwa, Bwana asifiwe. Mama Tumaini aliwapokea Muriithi na Purity kwa pilau na nyimbo, na shule zilipofunguliwa watoto wa Njombe walikwenda wamevaa masweta yetu. Hapa Majengo mashine zinaenda, kina mama wako kazini, nenda ukasikie mwenyewe. Muriithi hupiga simu kila jioni, na Shosho humwuliza amekula nini, na kama amevaa vizuri, na lini anakuja. Akija hapo Agosti wakati shule za huku zimefungwa, kuna kondoo mwingine ameshafungwa ndani. Huyu sitamuaga.

Nimesimama kushukuru. Namshukuru Mungu aliyenipa ndoto mchana kweupe, mimi mtu wa kusinzia. Namshukuru kwa ukungu, kwa uji, kwa sweta iliyokuwa ndogo. Nawashukuru ninyi mliofunga na mimi mkidhani shida yetu iko ofisini.

Na wewe uliyekaa hapo na mkono mdomoni, nakuona. Uliambiwa usimsumbue Bwana, amekupita, anakwenda zake, ana mambo makubwa mbele. Uliambiwa na watu wema, nawe ukatii, ukanyamaza mpaka ukazeeka na jambo hilo. Ndugu yangu, shusha huo mkono. Mwite leo, hata kama unaona mgongo tu. Atageuka.